Ugumu wa maji tangini: pima kabla hujanunua samaki wala konokono

Mtazame konokono wako mgongoni, pale kwenye ncha ambako mizunguko ya gamba inaanzia. Ikiwa ncha imepauka, ina vishimo kama jino bovu, au imemomonyoka kabisa, maji yako yanamla. Samaki anaweza kukaa miezi mingi kabla hajaonyesha kwamba maji hayamfai, lakini konokono hubeba taarifa hiyo mgongoni. Wa kwangu wa kwanza walipoanza kupauka nilidhani ni uzee. Nikawaongezea chakula, nikawa nabadilisha maji mara mbili kwa wiki, tena kwa maji ya mvua niliyoyaona kuwa masafi kuliko yote. Kumbe maji ya mvua hayana madini karibu yoyote, na kila ndoo niliyomimina ilizidi kuwamaliza.

Utahitaji kipimo cha matone cha GH na cha KH (nitazieleza hapa chini), kipimo cha pH, yaani kiwango cha asidi majini, kipimo cha amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, daftari na ndoo ambayo haijawahi kuguswa na sabuni.

Ugumu ni vitu viwili, si kimoja

Shuleni tulifundishwa kwamba maji magumu ni yale yanayochelewa kutoa povu la sabuni. Ni kweli, ila kwa mfugaji wa samaki haitoshi. Kuna GH, yaani ugumu wa jumla, ambao ni kiasi cha kalsiamu na magnesiamu kilichoyeyuka majini. Halafu kuna KH, ugumu wa kabonati, ambao si kalsiamu wala magnesiamu bali ni kabonati na bikabonati zinazomeza asidi na kuzuia pH isiporomoke. Vyote hupimwa kwa digrii, na digrii 1 ni sawa na miligramu 17.8 za kalsiamu kabonati kwa lita. Kipimo chako kikitoa jibu kwa ppm (miligramu kwa lita), gawanya kwa 17.8 upate digrii.

Mara nyingi namba hizi mbili hupanda pamoja, kwa sababu maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa huchukua vyote kwa mpigo. Lakini si sheria. Maji ya Ziwa Tanganyika yana KH kubwa kuliko GH yake. Na maji ya nyumba yenye mashine ya kulainisha inayotumia chumvi yana mtego mbaya zaidi: mashine huondoa kalsiamu na magnesiamu na kuweka sodiamu mahali pake, hivyo GH inashuka karibu na 0 huku KH ikibaki palepale. Sabuni itatoa povu tele na pH itaonekana nzuri, lakini konokono hatapata hata chembe ya kujengea gamba. Kama nyumba yako ina mashine hiyo, chota maji ya tangi kabla hayajaipitia.

Kinachotokea mwilini

Samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yanayomzunguka. Kwa hiyo maji humwingia mfululizo kupitia mashavu na ngozi, na chumvi yake humtoka. Yeye hana haja ya kunywa. Kazi yake ni kutoa maji, akikojoa mkojo mwingi na mwepesi, huku mashavu yakinyonya chumvi kidogo iliyomo majini kufidia iliyopotea. Kalsiamu husaidia kubana viungio vya chembe za mashavu ili chumvi isivuje ovyo.

Sasa mchukue moli au gapi, ambao hustawi kwenye maji magumu, umtie kwenye maji laini. Uvujaji unazidi, na nguvu ambayo angeitumia kukua na kupigana na magonjwa inaishia kwenye kuzuia chumvi isitoke. Utamwona amebana mapezi, anatikisika palepale alipo, kama anayeogelea bila kwenda popote. Wengi hapo hukimbilia dawa. Pima GH kwanza. Ukikuta digrii 3 kwa moli, tatizo umelipata, na hakuna dawa ya chupa itakayolitibu.

Kinyume chake pia kipo, ingawa ni cha taratibu. Tetra wa neoni na jamaa zake wanatoka kwenye vijito vya Amazon vyenye maji laini yenye asidi. Huko Rio Negro GH haifiki hata digrii 1. Waliozalishwa kwenye matangi huvumilia digrii 8 au 10 bila shida kubwa. Kinachogoma ni kuzaa. Kalsiamu nyingi huingilia utungisho na kukaza ganda la yai, kwa hiyo unaweza kuwa na tetra wenye afya wanaotaga kila wiki usipate hata kifaranga mmoja.

Kwa konokono mambo ni bayana zaidi. Gamba lake karibu lote ni kalsiamu kabonati, ambayo huipata kwenye maji na kwenye chakula. Hulirefusha mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa mlango, yaani ule uwazi anaotokea, akiongeza utepe mmoja baada ya mwingine. Juu ya gamba kuna ngozi nyembamba inayofanya kazi ya vanishi. Ngozi hiyo ikichubuka, chokaa iliyo chini hukutana na maji yenye asidi na kuanza kuyeyuka. Ncha huathirika kwanza kwa sababu ndiyo sehemu kongwe, iliyokwaruzwa kwa muda mrefu kuliko nyingine.

Hapa ndipo wengi huchanganya, nami nilichanganya. Ncha inayomomonyoka na mlango unaovunjika ni magonjwa mawili tofauti. Ncha ikiliwa, angalia pH na KH: maji yana asidi. Mlango ukiwa mwembamba kama karatasi, una kingo zilizomeguka au utepe mpya uliopinda, angalia GH na chakula: kalsiamu haitoshi. Unaweza kuwa na GH 12 na bado gamba likaliwa kwa sababu KH imefika 0 na pH imeshuka hadi 6.

Hatua ya 1: pima maji mawili, si moja

Pima maji ya bombani au ya kisimani, kisha pima ya tangini. Andika yote. Tofauti kati yao ndiyo itakayokueleza kinachoendelea ndani ya tangi.

Jaza chupa ya kipimo hadi mstari wa mililita 5, dondosha tone moja, tikisa, tazama rangi, rudia. Kwa KH rangi kwa kawaida hutoka buluu na kuwa njano. Kwa GH hutoka chungwa au nyekundu na kuwa kijani. Idadi ya matone hadi rangi igeuke ndiyo digrii. Maji yakiwa laini sana, jaza mililita 10 badala ya 5 na uhesabu kila tone kuwa nusu digrii. Utapata jibu sahihi zaidi kwa kipimo kilekile.

Ukipima pH ya bombani, acha kwanza maji yakae kwenye chombo wazi kwa saa 24. Maji yaliyotoka tu kwenye mfereji huweza kuwa na kaboni dioksidi nyingi au kidogo kuliko kawaida, na pH yake hubadilika yakitulia.

Vile vijiti vya kuchovya vinafaa kwa kukisia tu. Na kile kifaa cha umeme cha kupima TDS kinahesabu kila kilichoyeyuka, chumvi ya mezani ikiwemo. Hakijui kalsiamu ni ipi. Nimeona mtu akijisifia maji magumu ya 400 kwenye TDS ilhali GH yake ilikuwa 2.

Hatua ya 2: linganisha na wanyama

GH ya 0 hadi 4 ni maji laini sana, 4 hadi 8 laini, 8 hadi 12 ya wastani, 12 hadi 18 magumu kiasi, na zaidi ya hapo magumu. Ukishajua ulipo:

- Moli, gapi, plati na mkia-upanga: GH 10 kwenda juu. Moli afadhali 15 na zaidi.
- Samaki wa dhahabu: 8 kwenda juu, na KH isiyopungua 4, kwa sababu anachafua maji kuliko wote.
- Tetra, diskasi na korido: 1 hadi 10.
- Beta: ana uvumilivu, 3 hadi 15 hamsumbui.
- Konokono wa aina karibu zote zinazouzwa: GH 8 hadi 15, KH 5 au zaidi, pH juu ya 7.

Kuhusu sikilidi wa maziwa makuu ya Afrika, husemwa kwa jumla kwamba wanataka maji magumu. Si sawa kwa wote. Ziwa Malawi lina GH ndogo, ya digrii 4 au 5 hivi. Kinachowafaa samaki wake ni KH inayoshikilia pH kwenye 8. Tanganyika ndiko pH inakaribia 9. Ukiwafuga hao, ikazie macho KH kuliko GH.

Msimamo wangu kwa anayeanza: chagua samaki anayeyafaa maji yako, usiyalazimishe maji yamfuate samaki. Mwenye maji magumu ana moli, gapi na kila aina ya konokono. Mwenye maji laini ana tetra na diskasi, wanaotamaniwa na mwenzake. Kuyarekebisha maji inawezekana, ila ni kazi ya kila wiki kwa miaka yote tangi litakayodumu.

Konokono wako anunuliwe au apewe na mfugaji mwingine. Usichote mtoni wala bwawani. Konokono wa jenasi Biomphalaria na Bulinus ndio wanaobeba kichocho, na kwa jicho la kawaida Biomphalaria hatofautiani sana na konokono bapa wa kawaida wa matangini.

Hatua ya 3: kama maji ni laini mno

Njia ninayoipenda ni ya chokaa inayoyeyuka yenyewe: matumbawe yaliyosagwa, makombe ya chaza, au mawe ya chokaa. Yaoshe, yatie kwenye mfuko wa wavu, uweke ndani ya chujio ambako maji yanapita kwa nguvu. Anza na konzi moja kwa lita 50, pima baada ya wiki, ongeza ukihitaji. Uzuri wake ni kwamba huyeyuka haraka maji yakiwa na asidi na karibu husimama pH ikifika 7.8 hivi, kwa hiyo ni vigumu kuzidisha. Hupandisha GH na KH kwa pamoja.

Maganda ya mayai yanafanya kazi hiyohiyo, maana nayo karibu yote ni kalsiamu kabonati. Yachemshe, toa utando wa ndani, yakaushe, yavunjevunje. Utando usipoutoa utaoza tangini. Ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi wanaopewa kasuku nao unafaa. Utaelea siku kadhaa kisha uzame, na konokono wataukwangua wenyewe.

Ukitaka namba kamili, tumia chumvi, moja kwa kila kazi:

Kupandisha KH peke yake, bikaboneti ya soda. Gramu 3 katika lita 100 hupandisha digrii 1. Nasema bikaboneti ya kuumulia keki. Magadi ni kitu kingine, na ni makali mno.

Kupandisha GH peke yake, kalsiamu salfeti (ile jasi safi isiyo na rangi wala dawa) gramu 3 kwa lita 100, au kalsiamu kloridi gramu 2.6, kila moja ikiongeza digrii 1. Kwa magnesiamu tumia chumvi ya haluli, gramu 4.4 kwa lita 100. Wafugaji wengi huchanganya ili kila digrii 3 au 4 za kalsiamu zifuatane na digrii 1 ya magnesiamu. Pima kwa mizani ndogo, vijiko vinadanganya. Na chumvi ya mezani haiongezi ugumu hata kidogo, kwa kuwa ni sodiamu na kloridi tu.

Yeyusha kwenye ndoo, usimwage kavu tangini. Usipandishe KH zaidi ya digrii 1 kwa siku. Kabla hujaanza pima amonia, kwa sababu nitakayoieleza kwenye hatua ya 6.

Usisahau tumbo la konokono. Spinachi iliyochemshwa kidogo, kabeji ya majani au chakula chenye kalsiamu humfikishia madini ambayo maji pekee hayatoi ya kutosha.

Hatua ya 4: kama maji ni magumu mno

Changanya na maji yasiyo na madini, basi. Yawe ya mashine ya kuchuja kwa utando, au ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, na paa lenyewe lisiwe la rangi inayobanduka wala shaba. Hesabu ni nyepesi: gawanya GH unayotaka kwa GH uliyonayo. Ukiwa na 20 na unataka 8, unapata 0.4, yaani ndoo nne za bombani kwa sita za maji yasiyo na madini. KH nayo itapungua kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo ipigie hesabu kabla ya kumimina.

Kuchemsha husaidia nusu. Ule utandu mweupe ndani ya birika ni kalsiamu iliyokuwa imeshikamana na bikabonati; imetoka majini. Kalsiamu iliyoshikamana na salfeti haitoki hata ukichemsha mchana kutwa. Kwa tangi la lita 20 unaweza. Kwa la lita 200, utamaliza kuni bure.

Majani ya mkungu na magogo hutoa rangi ya chai na asidi laini. Samaki wa maji laini wanaipenda, na beta hasa. Ila KH ikiwa 12, majani hayataitikisa pH. Bikabonati itaimeza asidi yote. Hiyo ndiyo sababu pia sipendekezi chupa za kushusha pH. Unatia leo, pH inashuka, kesho imerudi ilipokuwa, unatia tena, na samaki anapandishwa na kushushwa kila siku. pH 7.8 isiyobadilika inamdhuru samaki kidogo kuliko 6.8 inayoyumba.

Chunguza pia mapambo. Dondoshea jiwe siki. Likitoa mapovu, lina chokaa na linapandisha ugumu kimyakimya. Kwa moli ni zawadi. Kwa diskasi, litoe.

Hatua ya 5: mhamishe mnyama polepole

Muulize anayekuuzia GH ya maji yake, au pima maji ya mfuko. Tofauti ikiwa digrii 2 au 3, kuuacha mfuko uelee tangini dakika 20 ili joto lilingane kunatosha. Ikizidi hapo, mtie samaki kwenye ndoo pamoja na maji yake, vuta maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, yadondoke matone mawili au matatu kwa sekunde, kwa saa moja hadi mbili. Kutoka maji magumu kwenda laini ndiko kwenye hatari zaidi kuliko kinyume chake.

Isipokuwa amesafiri siku nzima ndani ya mfuko uliofungwa. Huyo usimdondoshee. Humo ndani amonia imejaa, lakini kaboni dioksidi aliyoipumua imeshusha pH na kuifanya isiwe kali. Ukifungua mfuko, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia inakuwa sumu wakati wewe unahesabu matone. Kwa samaki wa safari ndefu, andaa mapema tangi dogo la kando lenye ugumu unaokaribia wa alikotoka, umtoe mfukoni mara moja, kisha uyabadilishe maji hayo kidogokidogo kwa wiki kadhaa.

Hatua ya 6: linda KH kila wiki

Hapa ndipo matangi ya zamani hufia. Bakteria wa chujio wanaogeuza amonia kuwa naitreti hula bikabonati wanapofanya kazi: kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia huondoa miligramu 7 hivi za ugumu wa kabonati. Ukichelewa kubadilisha maji, KH inashuka wiki baada ya wiki na pH haionyeshi kitu, hadi bikabonati inapokwisha. Hapo pH inaporomoka chini ya 6, bakteria wanazorota, na amonia inaanza kurundikana. Samaki hawafi, kwa sababu kwenye pH hiyo karibu amonia yote iko katika umbo lisilo kali.

Kisha mwenye tangi anaona aibu kwa uvivu wake, anaamua kufanya usafi mkubwa. Anabadilisha nusu ya maji kwa ya bombani yenye pH 8. Kwenye nyuzi joto 25, pH 7 huwa na takribani asilimia 0.6 ya amonia katika umbo la sumu. pH 8 huwa na zaidi ya asilimia 5. Jioni samaki wanahema juu ya maji, asubuhi wamekufa, na lawama inaangukia maji ya bomba.

Kwa hiyo pima KH kila wiki. Ikishuka digrii 2 chini ya ya bombani, badilisha maji mengi zaidi au mara nyingi zaidi. Ukikuta tangi limeshafika KH 0, usirukie usafi mkubwa. Badilisha sehemu ya kumi kila siku, ukipima amonia, mpaka namba zirudi.

Maji yanayopungua kwa kukauka yana hesabu yake. Yanayopanda angani ni maji matupu, madini yanabaki. Ukijazia maji magumu kila mara bila kutoa ya zamani, GH itapanda mwezi hadi mwezi. Jazia pengo hilo kwa maji yasiyo na madini.

Jambo moja kuhusu dawa: zenye shaba huua konokono, haijalishi ugumu, na kwenye maji laini huwa kali zaidi hata kwa samaki, kwa sababu hakuna kalsiamu ya kutosha ya kuizuia shaba isishike kwenye mashavu. Tibu samaki kwenye chombo cha pembeni.

Utajuaje kwamba umefaulu

Usiitazame ncha tena. Kilichomomonyoka hakirudi; konokono anaweza kukaza gamba kwa ndani tu, nje kovu litabaki maisha yake yote. Tazama mlango. Baada ya wiki 4 hadi 6 utaona mstari, kama alama ya mwaka kwenye shina la mti, na mbele yake utepe mpya. Ukiwa laini, mnene na wenye rangi kamili, maji yamekaa sawa. Ukiwa bado mweupe na unameguka, rudi kwenye daftari uone kati ya GH na KH ni ipi uliyoiacha nyuma.